Merikani na Pembe: Misingi ya Biashara Huru katika Unguja ya Karne ya 19

Nchi moja ya mbali imeacha jina lake katika Kiswahili kwa njia ya kitambaa. Nguo ya pamba iliyofumwa kwa uzi mnene, isiyotiwa rangi wala kung'arishwa, huitwa merikani mpaka leo, hata kama imefumwa Bombay, Osaka au Dar es Salaam. Jina hilo ni masalio ya biashara iliyounganisha bandari mbili, Salem katika jimbo la Massachusetts na Unguja. Atakaye kujua jinsi biashara huru ya mataifa ilivyojengwa, ile iliyozaa jambo liitwalo siku hizi utandawazi, hana budi kuitazama nguo hii kwa makini. Maana ndani yake nadharia ya wanazuoni na desturi ya wafanyabiashara zilikutana, na mara nyingi hazikupatana.

Nadharia yenyewe haistahili kudharauliwa. David Ricardo aliieleza mwaka 1817 kwa mfano wa Uingereza na Ureno. Alisema kwamba kiasi fulani cha nguo kilihitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka katika Uingereza, na kiasi fulani cha mvinyo watu 120. Katika Ureno nguo ile ile ilihitaji watu 90 na mvinyo ule ule watu 80. Ureno iliishinda Uingereza katika mambo yote mawili. Hata hivyo Ricardo alionyesha kwamba ilikuwa heri kwa Ureno kutia nguvu zake katika mvinyo, mahali ushindi wake ulipozidi, na kununua nguo kwa Waingereza. Kwa kazi ya watu 80 ingepata nguo ambayo ingeigharimu kazi ya watu 90. Na Uingereza kwa kazi ya watu 100 ingepata mvinyo ambao ingeutengeneza kwa watu 120. Kila upande ulipata faida, na hapana aliyenyang'anywa kitu.

Hoja hii ni safi, na haijapata kubatilishwa kwa hesabu. Lakini imejengwa juu ya masharti yaliyonyamaziwa. Yachukuliwa kwamba kazi ni ya watu walio huru kuacha jambo moja na kushika jingine. Kwamba bei hupatikana kwa mapatano, si kwa nguvu. Na kwamba kitu ambacho nchi huchagua kukiuza chaweza kupatikana tena mwaka ujao. Mzabibu hukatwa ukachipua. Unguja haikuuza mvinyo. Bidhaa yake kubwa ilikuwa pembe za ndovu, pamoja na sandarusi, ngozi, na baadaye karafuu zilizochumwa na watumwa.

Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts, mfanyabiashara aliyetumwa na serikali ya Marekani, alitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan mjini Muscat. Wamarekani walipewa ruhusa ya kununua na kuuza katika bandari zote za Sayyid, na kulipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoteremsha pwani, bila ya malipo mengine ya kuingiza, kutoa wala leseni. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem aliwasili Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza. Waingereza wakapata mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844, na kiwango kilikuwa asilimia 5 vile vile. Sayyid naye hakungoja wageni tu: mwezi wa Aprili 1840 merikebu yake Sultana, pamoja na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, iliingia New York ikiwa na pembe, sandarusi, karafuu, kahawa, tende na ngozi.

Asilimia hiyo 5 yafaa kutafakariwa, maana ilikuwa na ndugu zake katika dunia. Dola ya Uthmaniya ilifungwa na mkataba wa Balta Liman mwaka 1838, na China ilifungwa na mkataba wa Nanking mwaka 1842 baada ya vita. Katika kila mahali mtawala aliahidi kutopandisha ushuru bila ya idhini ya wageni. Basi uhuru uliozungumzwa ulikuwa uhuru wa bidhaa, na ulinunuliwa kwa kupunguza uhuru wa mwenye bandari. Lakini haitakuwa haki kumfanya Sayyid Said mtu aliyedanganywa. Alitaka merikebu zije, akajua kwamba ushuru mdogo unaotabirika huvuta wafanyabiashara kuliko ushuru mkubwa unaobadilika. Forodha aliikodisha kwa ukoo wa Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, akajipatia fedha za uhakika kila mwaka. Tena, katika mkataba wa 1839 Waingereza walikubali kwamba pembe na sandarusi za Mrima, kutoka Tangata mpaka Kilwa, zisinunuliwe na wageni mahali pale pale, bali zipitie mikononi mwa watu wa Sayyid. Mwenye kufungua mlango wa mbele aliufunga wa nyuma, na pembe zote za njia ya Unyamwezi zikapitia Unguja.

Na wale wageni waliokuja kwa jina la biashara huru, viwanda vyao vililelewa namna gani? Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1816 iliamuru kwamba kila yadi ya nguo ya pamba kutoka nje ihesabiwe kuwa na thamani isiyopungua senti 25, kisha itozwe asilimia 25 ya thamani hiyo. Kwa hiyo yadi ya nguo nzito ya Bara Hindi iliyonunuliwa kwa senti 6 ililipa ushuru unaokaribia kuwa sawa na bei yake yenyewe. Francis Cabot Lowell, ambaye kiwanda chake huko Waltham kilikuwa na umri wa miaka michache tu, aliipigania sheria hiyo mjini Washington. Chini ya kivuli chake wafumaji wa Massachusetts walijifunza kutengeneza nguo nzito, imara na rahisi; na walipokwisha kupata nguvu waliipeleka Unguja, ikaishinda nguo ile ile ya Kihindi ambayo haikuruhusiwa kushindana nayo kwao. Merikani, mtoto wa ulinzi, ilifika pwani ya Afrika Mashariki ikasifiwa kuwa mfano wa biashara huru. Pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, na sehemu ya nguo ilivaliwa na watumwa wa mashamba ya karafuu. Ricardo alipohesabu watu wake 80 na 90 hakuulizwa kama walikuwa waungwana.

Kutoka pwani nguo ilipanda bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi walioajiriwa kwa ujira. Huko haikuwa vazi tu, bali ilikuwa sarafu. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na kwa vipimo hivyo wapagazi walilipwa posho, chakula kikanunuliwa, na watemi wa Ugogo wakalipwa hongo kwa maji na kwa kupita. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia hongo kana kwamba ni unyang'anyi. Kwa hakika ilikuwa ushuru wa forodha kama ushuru mwingine wowote, ila mtoza hakuwa na mkataba wala manowari, na msafara usingeweza kumkimbia kwa sababu maji yalikuwa yake.

Yasidhaniwe pia kwamba watu wa bara walichukua cho chote walicholetewa. Barua za wafanyabiashara wa Salem zimejaa maelezo ya upana, uzito na chapa zilizotakiwa, na mzigo uliokosea hayo ulikaa ghalani. Wafumaji wa Manchester walijaribu kuiga merikani wakakataliwa kwa miaka mingi, maana mnunuzi alijua kwa kidole nguo iliyonenepeshwa kwa wanga. Katika Salem kwenyewe kampuni ya Naumkeag, iliyoanzishwa mwaka 1839, ilijenga kiwanda cha mvuke kilichoanza kazi mwaka 1847, na soko la Unguja lilikuwa mojawapo ya masoko yake. Wala ufumaji wa Afrika haukufa mara moja kama isemwavyo mara nyingi. Wafumaji wa Banadir, ambao nguo zao zilitajwa na Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, waliendelea na kazi yao karne nzima ya 19, na katika Ufipa pamba ilisokotwa na kufumwa nyumbani siku zote hizo.

Mizani yenyewe ilielekea wapi? Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe katika Unguja, alionyesha kwamba bei ya pembe ilipanda karibu karne nzima, ilhali bei ya nguo ilishuka au ilisimama, kwa sababu mashine zilizidi wepesi. Ulaya na Marekani zilitaka vitana, mipira ya biliadi na vibao vya piano, na vijiji vya Deep River na Ivoryton katika Connecticut viliishi kwa kazi hiyo. Kwa kipimo cha wanauchumi, basi, Unguja ilipata bahati: kwa pembe moja ilinunua nguo nyingi zaidi kila mwongo. Mtu asomaye takwimu pekee angeandika kwamba nchi ilitajirika. Lakini faida haikukaa mahali pamoja na ndovu. Ilibaki kwa wenye forodha, kwa wakopeshaji kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, na kwa wenye mashamba; sehemu yake ikanunua watumwa wa kuchuma karafuu. Na kwa kuwa bei ilipanda, ndovu walizidi kuuawa, na mpaka wa pembe ukarudi nyuma mwaka hata mwaka, kutoka Unyamwezi mpaka Ujiji, kisha ng'ambo ya Tanganyika mpaka Manyema. Huko misafara ilijizatiti kwa bunduki, na pembe nyingi zilitwaliwa bila ya doti hata moja kutolewa. Bei nzuri, ambayo katika kitabu ni ishara ya ustawi, ndiyo iliyopeleka vita ndani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, viliifanya merikani haba na ghali. Wamarekani walirudi baadaye, lakini dunia iliyowapa nafasi ilikuwa ikipita. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, meli za mvuke za British India zikaanza kuleta barua Unguja mwaka 1872, na waya wa simu wa baharini ukafika mwaka 1879. Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha kusokota kwa mvuke kilianza kazi katika miaka ya 1850, ilikuwa karibu, nayo ilikuwa na wafanyabiashara wake tayari katika kila mji wa pwani. Nguo za huko zikashika soko, zikaitwa merikani vile vile.

Mwaka 1885 mkutano wa Berlin uliweka biashara huru katika bonde la Kongo, na kwa maelezo ya mkataba bonde hilo lilifika mpaka Bahari ya Hindi, jambo ambalo mto wenyewe haukupata kulisikia. Unguja ikafanywa bandari huru mwaka 1892, kisha ushuru wa asilimia 5 ukarudishwa mwaka 1899. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliendeleza usawa wa biashara kwa mataifa yaliyoutia sahihi, na Japani ilikuwa mmoja wao. Katika miaka ya 1930 Uingereza, iliyokwisha kuachana na biashara huru, iliweka mwaka 1934 mipaka ya kuingiza nguo za Kijapani katika makoloni yake mengi. Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuweza kufuatishwa, kwa kuwa zimo ndani ya bonde lile la karatasi. Wenye viwanda wa Lancashire walilalamika sana wakataka mikataba ibadilishwe, na wanunuzi wa Afrika Mashariki wakaendelea kununua nguo ya Japani kwa sababu ilikuwa rahisi.