Tafari: Neno la Pwani na Njia ya Handeni

Katika maneno ya matandiko yaliyomo katika Kiswahili, lijamu na hatamu yajulikana na wengi; tafari limebaki kwa wachache. Tafari ni ukanda upitao nyuma ya punda au farasi na kuungana na tandiko. Kazi yake huonekana mteremkoni. Mzigo ukitaka kumwendea mnyama shingoni, ukanda upitao chini ya mkia huuzuia. Na akikokota gari lisilo na breki, ukanda uzungukao mapaja ndio umwezeshao kulizuia gari lisimgonge.

Neno hili, kama lijamu, lina asili ya Kiarabu. Je, mbona halikupanda bara na misafara? Jibu si la sarufi, bali ni la mbung'o. Mwaka 1895 David Bruce alionyesha huko Zululand kwamba inzi huyo ndiye aenezaye nagana. Na nyika ya Handeni ilikuwa makao yake. Mahali farasi haishi, tafari haina kazi: mzigo ulikaa kichwani mwa mpagazi.

Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, lakini Handeni ilibaki kando. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza Wajerumani walitandika reli nyembamba kutoka Mombo kuelekea Handeni, na vigari vyake vilisukumwa na watu. Juni 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliingia Korogwe, kisha Handeni. Wanyama wake walikufa kwa wingi katika vita hivyo, na mizigo ikawaangukia wapagazi. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoipa Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake. Hivyo shingo ya mtu iliacha neno mjini, na ukanda wa mnyama haukuacha neno nyikani.

Basi mtunga kamusi asiliandike tafari kuwa neno lililokufa bila kueleza lilikaa wapi na kwa nini. Wala haifai kubuni istilahi mpya, maadamu punda wangali wakikokota mikokoteni nchini. Yatosha kupambanua tafari ya mkia, ishikayo tandiko, na tafari ya mapaja, izuiayo gari. Neno tunalo, lililopungua ni maelezo yake.