Mfugaji, Mlaji na Muhuri

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli kwa ng'ombe aliye hai, maana mnunuzi huyaona macho yake, manyoya yake na mwendo wake. Lakini nyama iliyokwisha katwa haina ulimi wa kujisemea, yahitaji shahidi. Historia ya biashara ya nyama katika Marekani ni historia ya kumtafuta shahidi huyo.

Hapo kale shahidi alikuwa mfugaji mwenyewe, au mchinjaji wa mtaani aliyenunua mnyama mzima na kumchinja karibu na walaji. Tarehe 25 Desemba 1865 yalifunguliwa mazizi makubwa ya Union Stock Yards mjini Chicago, na wanyama wa mbali wakaletwa huko kwa gari la moshi. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Gustavus Swift alieneza matumizi ya mabehewa yenye barafu. Haikulazimu tena kumsafirisha ng'ombe pamoja na pembe, kwato na matumbo yake. Ilitosha kusafirisha nyama. Bei ikashuka, na walaji wengi wakafaidi. Lakini mlaji wa New York hakumjua tena aliyefuga wala aliyechinja.

Penye giza, uchafu hupata maficho. Mwaka 1906 riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, ilisimulia uchafu wa machinjio ya Chicago, umma ukaghadhibika, na tarehe 30 Juni mwaka huo Rais Theodore Roosevelt akatia sahihi sheria ya ukaguzi wa nyama. Muhuri wa serikali ukawa shahidi mpya. Sheria ya mwaka 1967 iliyataka majimbo nayo yakague nyama iuzwayo ndani ya mipaka yao kwa kipimo kisichopungua kile cha taifa.

Muhuri huo ni ngao ya mlaji, na asiyekiri hivyo hana insafu. Hata hivyo una gharama yake. Mfugaji mdogo atakaye kumwuzia jirani ratili mbili za nyama ya ng'ombe hana budi kumpeleka mnyama katika machinjio yenye mkaguzi, ambayo huenda yako mbali. Njia moja ilibaki wazi: mwenye mnyama aweza kuchinjiwa mnyama wake kwa chakula cha nyumbani kwake. Basi walaji hununua nusu au robo ya ng'ombe angali hai, wakawa wenye mnyama kabla hajachinjwa; na nyama yake hutiwa alama ya kwamba haiuzwi.

Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga baadhi ya machinjio makubwa. Nguruwe wengi waliuawa na kutupwa, hali maduka mengine yaliwapimia wanunuzi nyama. Watu wakawakimbilia wafugaji, lakini machinjio madogo yalikuwa machache, na zamu zake zilijaa kwa miezi mingi.

Uso wa mfugaji hauwezi kufichua kila ugonjwa. Muhuri nao hausemi mnyama alilishwa nini wala alitunzwaje. Kila mmoja wamhitaji mwenziwe. Taifa liwekalo machinjio madogo yenye wakaguzi karibu na mazizi humpa mlaji mashahidi wawili, na nyama yenye mashahidi wawili ndiyo iwezayo kujiuza.