Miaka Sita ya Kungoja

Mazungumzo yetu ya leo yawahusu hasa wazazi, na walimu wa shule ya Jumapili, na wote waliokabidhiwa watoto wadogo. Twataka kutafakari pamoja jinsi ya kumfundisha mtoto saburi.

Katika nyumba zetu, neno moja ambalo mtoto hulisikia kutwa ni "ngoja". Ngoja chakula kiive. Ngoja baba arudi. Ngoja mwisho wa mwezi. Nasi tukiisha kulisema mara nyingi, hudhani kwamba tumekwisha kufundisha saburi. Lakini je, ni kweli? Mtoto aweza kungoja kwa sababu hana la kufanya, huku moyo wake umejaa uchungu. Huyo amenyamazishwa tu, hajafundishwa. Mtume Paulo, katika Wagalatia 5:22, anautaja uvumilivu pamoja na upendo, furaha na amani kuwa tunda la Roho. Na tunda, kama tujuavyo sisi wakulima, haliivi kwa kuamriwa. Hutunzwa, likapewa maji na jua, hata siku yake ifike.

Ili tuone jinsi tunda hili lilivyokua katika moyo wa mtoto mmoja, na turudi nyuma katika historia hadi nchi ya Wales, magharibi ya Uingereza. Huko, katika kijiji cha Llanfihangel-y-Pennant, chini ya mlima uitwao Cader Idris, alizaliwa msichana jina lake Mary Jones, mwezi wa Desemba mwaka 1784. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, mtu maskini. Alifariki Mary akiwa mtoto mdogo bado, akabaki na mama yake mjane.

Siku zile watoto wa maskini wengi hawakujua kusoma. Lakini mchungaji mmoja aliyeitwa Thomas Charles, aliyekaa katika mji wa Bala, aliona huruma juu ya jambo hili. Alianzisha shule zilizohama kutoka mahali hata mahali. Mwalimu alikaa kijijini kwa miezi michache, akawafundisha watoto na watu wazima kusoma Biblia katika lugha yao wenyewe, kisha akaenda kijiji kingine. Shule hiyo ilipofika karibu na kwao, Mary alijifunza kusoma.

Hapo ndipo shida yake ilipoanza. Biblia nzima ilikuwa imetafsiriwa katika lugha ya Wales tangu mwaka 1588, lakini nakala zilikuwa haba, na bei yake ilikuwa kubwa kwa maskini. Nyumbani kwao hapakuwa na Biblia. Yasimuliwa kwamba Mary alikwenda maili mbili hadi shamba la jirani aliyekuwa nayo, ili aisome huko, kisha akarudi kwao. Akakata shauri kununua Biblia yake mwenyewe. Akaanza kuweka akiba senti kwa senti, kutokana na vibarua vidogo ambavyo mtoto wa kijijini aweza kupata. Akiba hiyo ilimchukua muda wa miaka sita hivi. Kwa mtoto, miaka sita ni karibu maisha yote anayoyakumbuka!

Mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 15, alishika njia kwenda Bala kwa Bwana Charles. Ulikuwa mwendo wa maili 26 hivi, kama kutoka Nairobi hadi Thika, naye alikwenda kwa miguu, akipita mabonde na milima. Na alipofika, hakukuta mambo kuwa mepesi. Mwaka uliotangulia, 1799, zilikuwa zimechapishwa Biblia 10,000 za lugha ile, nazo zilinunuliwa upesi mno, watu wengi wakakosa. Hata hivyo Mary hakurudi mikono mitupu. Alipata Biblia yake, akaandika jina lake ndani, na Biblia hiyo imehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge.

Wapenzi, na tusimame hapa kidogo tuulize: Ni nini kilichomwezesha mtoto yule kungoja miaka sita bila kukata tamaa? Twaona mambo matatu, na yote matatu yako katika uwezo wa mzazi hata aliye maskini.

Jambo la kwanza, Mary alijua anachokingojea. Alikuwa amekwisha kuonja utamu wa Neno la Mungu katika nyumba ya jirani. Mtoto hawezi kukingojea kitu ambacho hajakijua wala kukipenda. Basi tunapowaambia watoto wangoje, na tuwaonyeshe ni nini kinachokuja. Na kwa kuwa mtoto wa miaka minne hajui mwezi ni nini, tumpe kipimo anachokielewa. Tufunge mafundo katika kamba, naye kila jioni afungue fundo moja, hata nyanya yake afike kutoka safari. Akifungua fundo la mwisho atajua kwamba kungoja kuna mwisho.

Jambo la pili, Mary alikuwa na kazi ya kufanya wakati wa kungoja. Hakuketi akikunja mikono. Haba na haba hujaza kibaba, na kila senti ilimwonyesha kwamba yumo safarini. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anatuelekeza kumtazama mkulima angojaye mvua. Nasi twamjua mkulima huyo: halali usingizi, hulima, hupanda, hupalilia, kisha hutazama mbinguni. Jambo hili mtoto mdogo aweza kulishika kwa mikono yake. Mpe punje tatu za maharagwe na mkebe wa udongo. Siku ya pili atazifukua aone kama zimeota. Usimkaripie. Zipandeni tena pamoja, umwambie kwamba kazi yake ni kumwagilia maji, na kuotesha ni kazi ya Mungu. Jani la kwanza likichomoza, atakuwa amejifunza somo ambalo mahubiri mengi hayawezi kumpa.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Wazee waliomzunguka Mary walikuwa waaminifu. Fikirini, mama yake alikuwa mjane, na bila shaka zilikuwako siku ambazo nyumba ile ilihitaji fedha. Hata hivyo akiba ya mtoto ilibaki kuwa ya mtoto, hata ikatosha. Je, katika nyumba zetu ni hivyo? Mara ngapi mtoto amepewa shilingi chache na shangazi yake, nasi tukamwambia, "Lete nikuwekee," na shilingi zile zisionekane tena? Mara ngapi tumesema, "Ngoja kesho," tukijua mioyoni mwetu kwamba kesho hiyo haitakuja? Mtoto huyo hatajifunza saburi. Atajifunza kwamba "ngoja" maana yake ni "huyapati". Naye akiisha kuamini hivyo juu ya baba na mama anaowaona, ataiaminije ahadi ya Baba wa mbinguni asiyemwona?

Mkumbukeni Hana, mama yake Samweli. Alingoja miaka mingi kwa machozi apate mtoto, na alipompata akamtoa kwa Bwana kama alivyoahidi. Lakini hakumsahau. Twasoma katika 1 Samweli 2:19 ya kwamba alimshonea kanzu ndogo, akampelekea kila mwaka walipokwea kutoa dhabihu. Mtoto Samweli, aliyekaa mbali na mamaye, alijua hakika ya kwamba mwaka hautapita bila kanzu. Basi yeyote aliye na mtoto katika shule ya bweni, au aliyemwacha mtoto kwa nyanya huko mashambani ili atafute kazi mjini, na aangalie mfano huu. Ukisema utakuja, njoo. Ukishindwa, mpelekee habari umwambie kweli.

Na saburi ya mtoto mmoja yaweza kuwafikia watu asiowajua kabisa. Thomas Charles hakusahau njaa ya Neno aliyoiona kwa Mary na kwa wengi wengine kama yeye. Mwezi wa Desemba mwaka 1802 alilipeleka jambo la Biblia za Wales mbele ya ndugu waliokutana London. Mmoja wao, mchungaji wa Kibaptisti aitwaye Joseph Hughes, akauliza kwa nini wakome kwa Wales tu, wasiifikirie dunia yote. Ndipo tarehe 7 Machi 1804 kikaundwa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Kigeni.

Matunda ya chama hicho yalifika hata kwetu. Mwaka 1844 mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwezi wa Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata alimzika mke wake, Rosine, na binti yao mchanga. Hakuiacha kazi. Wengine wakaipokea baada yake, akiwamo Askofu Edward Steere wa Unguja, ambaye Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1879. Ile Biblia ya tafsiri ya Union, ambayo makanisa yetu mengi yameizoea, ilichapishwa na vyama vya Biblia mwaka 1952. Tangu Krapf aanze hata hapo ni miaka 108! Kila tumpapo mtoto wetu Biblia mkononi, twampa kitu kilichongojewa na watu wengi.

Mary mwenyewe aliolewa na mfumaji wa nguo, akaishi maisha ya kawaida kijijini Bryncrug, akafariki mwaka 1864. Mwaka 1907 shule za Jumapili za wilaya ile zilisimamisha nguzo ya ukumbusho palipokuwa nyumba yao. Ni jambo la kufaa kwamba waliomkumbuka ni shule zile zinazofundisha watoto.

Basi, ndugu wapenzi, samaki mkunje angali mbichi. Juma hili, kila mmoja wetu na atafute ahadi moja ndogo aliyompa mtoto na ambayo haijatimizwa, aitimize. Huo na uwe mwanzo wa somo letu la saburi.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe umetuvumilia sisi miaka mingi, tulipokuwa wagumu na wasahaulifu. Utupe neno la kweli vinywani mwetu, ili watoto wetu wakitungoja wasitungoje bure, nao wajifunze kukungojea wewe usiyesahau kamwe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.