Daqyanus na Hati za Dhabihu

Aliyepitia tafsiri za Surat al-Kahf atakuwa amekutana na jina la Daqyanus, mfalme ambaye vijana wa pangoni waliukimbia ukatili wake. Qur'ani yenyewe haikumtaja. Wafasiri walilipokea jina hilo kutokana na visa vya Wakristo, na anayekusudiwa ni Decius, aliyeitawala dola ya Kirumi kuanzia mwaka 249 hadi 251 Miladia.

Amri ya Decius ilimhusu kila mkazi wa dola: aichinjie miungu, amimine kinywaji cha ibada na aonje nyama ya dhabihu mbele ya wasimamizi, kisha apewe hati. Huko Misri zimepatikana zaidi ya hati 40 za namna hiyo, zimeandikwa juu ya mafunjo, nyingi zikiwa za Juni na Julai 250. Moja ni ya mzee wa miaka 72 mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia, na kovu hilo limeandikwa humo kama alama ya kumtambulisha. Nyingine ni ya mwanamke kuhani wa mungu-mamba, ambaye hakuna awezaye kumshuku Ukristo!

Mushrik hakupata taabu kuchinja. Mtihani ulikuwa kwa Wakristo. Fabian, askofu wa Roma, alikufa Januari 250. Origen, mwanachuoni wao mkubwa, alifungwa na kuteswa, akafa miaka michache baadaye. Hao ndio wanaokumbukwa, lakini waliolegea walikuwa wengi mno. Cyprian, askofu wa Carthage katika Tunisia ya leo, aliandika kwa uchungu kwamba watu wake walikimbilia madhabahuni kabla hata ya kukamatwa. Wengine hawakuchinja, bali walitoa fedha wakajipatia hati. Cyprian mwenyewe alikuwa mafichoni, na wapo waliomlaumu kwa hilo.

Dhiki ilipopungua, waliolegea walitaka kurudi kanisani. Baadhi ya waliofungwa kwa ajili ya imani yao wakawa wanawaandikia barua za kuwaombea msamaha, na nyingine zilimtaja mtu mmoja "na watu wake" bila kusema ni wangapi. Cyprian alilipinga jambo hili kwa nguvu. Mwaka 251 maaskofu walikutana Carthage wakapambanua: aliyenunua hati tu achunguzwe na aweze kupokewa, ama aliyechinja abaki katika toba mpaka mauti yamkaribie. Huko Roma, Novatian alikataa kuwapokea kabisa, akajitenga na wafuasi wake.

Msomaji wa fiqhi atautambua hapa mlango wa ikrahi, yaani kulazimishwa. Aya ya 106 ya Surat an-Nahl, ambayo wafasiri wengi wanaihusisha na Ammar bin Yasir (r.a.), inamvua lawama aliyelazimishwa kutamka kufuru ilhali moyo wake haukuyumba. Mafakihi wakasharutisha kwamba mtishaji awe na uwezo wa kutekeleza, na mtishwaji awe na dhana yenye nguvu kwamba atatekeleza. Kwa kipimo hicho, aliyekimbilia madhabahuni kabla ya kuitwa ana udhuru gani?

Cyprian, aliyeishi karne nyingi kabla ya mafakihi hao, alilazimika kulijibu swali lilo hilo. Aliulizwa kuhusu watu watatu waliostahimili kifungo, kisha wakashindwa baada ya mateso ya muda mrefu, nao walikuwa katika toba kwa miaka mitatu. Rai yake ilikuwa kwamba muda huo unatosha, kwa kuwa kilichoshindwa ni mwili. Hapo ameikaribia sana ikrahi, ingawa kwa mafakihi mtu wa namna hiyo hakuwa na deni la hata siku moja.

Wakati huo Decius alikwisha kuuawa vitani na Wagothi, mwaka 251. Cyprian alikatwa kichwa nje ya Carthage tarehe 14 Septemba 258, katika utawala wa Valerian, na safari hii hakukimbia.