Tufaha lililoishinda baridi ya Minnesota

Wahamiaji waliofika Minnesota katikati ya karne ya 19 walikuta ardhi nzuri, maziwa yenye samaki tele na mashamba yanayokubali ngano. Kilichowashinda ni matunda. Katika jimbo hilo la Marekani linalopakana na Kanada, baridi huweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na miche ya matufaha iliyosifika majimbo ya mashariki ilikufa ingali imesimama.

Si kwamba mtufaha unaichukia baridi. Usipopata majuma ya ubaridi, machipukizi yake hayafunguki sawasawa, ndiyo maana wakulima wa Lushoto na Njombe huhitaji aina zinazotosheka na ubaridi kidogo. Minnesota balaa ni kuzidi kiasi. Mti uliozoea huko hujiandaa tangu vuli: hupunguza maji kwenye seli na kuongeza sukari. Usiowahi kujiandaa huganda ndani, mbao zikawa nyeusi. Hata jua la baridi ni hatari, kwani mchana hulipasha gome la upande wa kusini-magharibi, kisha jioni gome hilo huganda ghafla na kupasuka. Mpaka leo wakulima huvisha mashina kitambaa au plastiki nyeupe.

Mwaka 1853 Peter Gideon, mzaliwa wa Ohio, alihamia kando ya Ziwa Minnetonka. Akapanda matufaha, mapichi na mapeasi, na kila majira ya baridi yakaondoka na sehemu yake. Inasimuliwa kwamba baada ya takriban miaka 10 alibakiwa na mti mmoja tu. Mfukoni alikuwa na dola 8, nyumbani hakuna ng'ombe, na yeye mwenyewe hana koti. Akazituma fedha hizo Bangor, jimbo la Maine, aletewe mbegu na vikonyo, yaani vijiti vya kubebesha kwenye shina jingine. Koti akajishonea kwa vizibao viwili vikuukuu, mikono akaitoa kwenye miguu ya suruali mbovu. Mkewe alisema nini, wasimulizi hawatuambii, nami naona hapo wametunyima sehemu tamu ya kisa.

Mbegu moja kati ya hizo iliota mti uliostahimili, na matunda yake yakawa makubwa, mekundu na matamu. Mwaka 1868 Gideon aliutambulisha kwa jina Wealthy, jina la mkewe huyo huyo.

Ushindi wake haukutokana na kuufunika mti wala kuubembeleza. Kikonyo kinachobebeshwa huzaa mti ule ule, pamoja na udhaifu wake, lakini kila mbegu ya tufaha ni mtoto mpya asiyefanana kabisa na mama. Panda mbegu nyingi, iache baridi ichague, kisha bebesha kilichobaki. Ni njia katili, lakini sioni nyingine ambayo ingefaa. Baridi kali ya 1884-85 ilifyeka bustani nyingi za eneo hilo, na chama cha wakulima wa bustani wa jimbo kikaahidi dola 1,000 kwa atakayeleta tufaha lenye kustahimili baridi kama Duchess ya Urusi, tamu kama Wealthy na lenye kudumu ghalani kama Malinda.

Chuo Kikuu cha Minnesota kiliigeuza njia hiyo kuwa kazi ya kudumu katika shamba la utafiti karibu na Excelsior, si mbali na alikoishi Gideon. Mwaka 1922 kikatoa Haralson, mtoto wa Malinda. Hata hivyo, baridi ni hakimu anayeweza kukosea. Mti mmoja uliotokana na uchavushaji wa mwaka 1960 uliumizwa na baridi ya 1976-77, ukaandikiwa kutupwa. Mtafiti David Bedford alipokuta miche michache iliyobebeshwa kutoka mti huo bado ipo, aliona heri isubiriwe izae. Matunda yalikuwa na mkatiko na maji ambayo hakuwahi kuyakuta kwenye tufaha. Mwaka 1991 likaingia sokoni kwa jina Honeycrisp, na mwaka 2006 likatangazwa tunda rasmi la jimbo.

Kumbukumbu za chuo zilitaja wazazi wake kuwa Macoun na Honeygold. Vipimo vya vinasaba vikakanusha wote wawili: mzazi mmoja ni Keepsake, mwingine ni mche wa majaribio uliopewa namba tu, MN1627, ambao wazazi wake ni Golden Delicious na Duchess, yule wa Urusi.