Malengo ya Maendeleo Endelevu katika Serikali ya Mji: Mfano wa Mombasa Bara

Malengo ya Maendeleo Endelevu ni makubaliano ya mataifa, lakini sehemu kubwa ya utekelezaji wake iko mikononi mwa serikali za miji: bomba la maji, choo, gari la taka, zahanati, darasa la chekechea. Malengo hayo 17, yenye shabaha 169, yaliidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Septemba 2015, na muda wake ni hadi 2030. Lengo la 11 ndilo linalotaja miji waziwazi, ila maisha ya mtaani hayagawanyiki kwa nambari. Mtoto wa Kisauni anayeharishwa na maji ya kisima yumo katika Lengo la 3 la afya, la 6 la maji na usafi na la 11 kwa wakati mmoja, na ofisi ya kumwondolea dhiki hiyo iko Mombasa, si New York.

Mombasa ni mji na kaunti kwa pamoja. Serikali ya kaunti, iliyoundwa kwa Katiba ya 2010, ilichukua nafasi ya baraza la manispaa mwaka 2013. Kisiwa ndicho kitovu cha ofisi na biashara, lakini wakazi wengi wako bara. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Kati yao, karibu 292,000 walikuwa Kisauni upande wa kaskazini, karibu 250,000 Likoni ng'ambo ya kivuko, na karibu 132,000 Changamwe upande wa magharibi. Kaunti ndogo hizo tatu peke yake zina zaidi ya nusu ya wakazi wote, ilhali Mvita, yaani kisiwa, ilikuwa na takriban 154,000. Kwa hiyo wastani wa Mombasa haumtoshi mpangaji: Nyali yenye majumba ya kifahari na Mwakirunge yenye jaa la taka huingia katika hesabu moja. Kipimo chenye faida ni kile kinachoshuka hadi wadi.

Hatua ya kwanza ya utekelezaji ni kujua nani ana mamlaka gani. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti huduma za afya, maji na usafi, uzoaji taka, barabara za kaunti, elimu ya chekechea, hata udhibiti wa dawa za kulevya, janga lililowakumba vijana wengi wa Kisauni na Likoni. Bandari, polisi, barabara kuu na shule za msingi na upili zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Mgawanyo huu unaibana Mombasa kuliko miji mingi. Gati za makontena ziko Kipevu, upande wa Changamwe, na malori yake huzijaza vumbi barabara za mitaa ya huko, lakini mapato ya bandari hayaingii katika hazina ya kaunti.

Kivuko cha Likoni nacho ni cha taifa. Shirika la Kenya Ferry Services lilikiendesha kwa miaka mingi kabla ya usimamizi kupelekwa kwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya mwaka 2020. Usafiri salama ni mojawapo ya shabaha za Lengo la 11, na watu wa Likoni hawahitaji kukumbushwa maana yake: tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakafa maji. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwishoni mwa 2020 kwa waendao kwa miguu, na barabara ya Dongo Kundu inayounganisha bara ya magharibi na ya kusini bila feri, zote ni kazi za serikali ya kitaifa. Kaunti haina usukani wa feri, lakini kituo cha matatu cha Likoni, taa za barabarani, mitaro na nafasi ya wachuuzi ni vyake. Serikali ya mji inayongoja daraja kubwa ilhali abiria wanatembea gizani kwenda kivukoni imeacha fungu lake bila kulifanya.

Chombo kikuu cha kaunti ni mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, unaotakiwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kutoka humo hutolewa mpango wa kila mwaka, unaofikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba mosi. Taarifa ya sera ya fedha hufuata mwishoni mwa Februari, makadirio ya bajeti mwishoni mwa Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Hapa ndipo malengo ya dunia hufa au huishi. Ni rahisi kuubandika kila mradi nambari ya lengo katika jedwali la mwisho wa kitabu, na kaunti nyingi hufanya hivyo. Kazi yenyewe huonekana pale lengo linapopewa fungu la fedha, afisa wa kuliwajibikia na wadi ya kulipokea.

Katika Mombasa Bara hakuna lengo linalogusa mengine kama la 6. Maji ya bomba hutoka mbali, nje ya kaunti: chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, ambazo bomba lake lilijengwa miaka ya 1950, Baricho kwenye mto Sabaki, Kilifi, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi, Kwale. Bwawa la Mwache, pia Kwale, limekusudiwa kuongeza maji hayo. Mahitaji yamezidi kinachofika, na mitaa iliyo mwisho wa bomba hukosa maji kwa siku nyingi. Pengo hilo hujazwa na wauza maji wa mikokoteni, na maskini wa Likoni anayenunua kwa mtungi hulipa bei ya juu kuliko mwenye mita nyumbani.

Wengine hutegemea visima. Ardhi ya pwani ni mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo hupitisha maji upesi. Sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni haina mabomba ya maji taka, hivyo vyoo vya shimo na visima hukaa katika kiwanja kimoja, hatua chache baina yake, na uchafu hushuka hadi maji yanayochotwa kwa kunywa na kupikia. Mtambo wa kusafisha maji taka wa Kipevu huhudumia baadhi ya bara ya magharibi tu. Kuitandazia Kisauni nzima mabomba kutachukua miaka na fedha nyingi. Yako mambo ya karibu zaidi: kupima visima mara kwa mara na kuwatangazia wenyeji matokeo, kusimamia magari ya kunyonya maji taka yasimwage mtoni, kujenga vyoo vinavyoweza kutapishwa, na kuweka vioski vya maji vya kampuni ya kaunti kwa bei inayojulikana. Haya ndiyo yanayopasa kutangulia, kwa kuwa yako ndani ya uwezo wa kaunti na yanaokoa watoto.

Taka zimetoa funzo lingine. Jaa la Kibarani, kando ya njia ya Makupa, lilimkaribisha kwa moshi na uvundo kila aingiaye kisiwani. Lilifungwa mwaka 2018, na pahali pake pakaanza kupandwa miti. Mazingira ya bahari yalipata nafuu. Lakini taka zilielekezwa Mwakirunge, Kisauni, na mzigo ukahamia kwa wenyeji wengine wa bara. Lengo la 12 linataka taka zipunguzwe, zitenganishwe na zitumike tena; kuzihamisha hakutoshi.

Ardhi ndiyo fundo gumu. Wakazi wengi wa bara wamejenga katika mashamba yenye hati za watu wasioishi hapo, suala lenye mizizi katika usajili wa ardhi wa pwani wa mwaka 1908. Shamba la Waitiki huko Likoni, zaidi ya ekari 900, lilinunuliwa na serikali ya kitaifa, na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Pasipo hati, kaunti hushindwa kupitisha barabara au bomba bila kesi, na kodi ya ardhi haikusanyiki.

Viwanda vinahitaji uangalizi ambao kaunti na mamlaka za taifa hugawana. Kijiji cha Owino Uhuru, kilichokuwa katika jimbo la zamani la Changamwe na sasa kiko Jomvu, kilitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido aliongoza harakati za wenyeji na kupata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Uamuzi huo ukapinduliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Miji hupima maendeleo yake kwa tathmini ya hiari ya mahali, desturi iliyoanzishwa na New York mwaka 2018. Kwale, jirani ya Likoni, ni miongoni mwa kaunti za kwanza za Kenya kuandika tathmini ya namna hiyo. Tathmini huwa na nguvu wenyeji wanapoijua. Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, lakini baraza linaloitwa asubuhi ya siku ya kazi haliwapati vibarua wa bandarini wala mama ntilie, na vitabu vya bajeti huandikwa kwa Kiingereza. Muhtasari wa wadi kwa Kiswahili, wenye jina la mradi, pahali na kiasi cha fedha, ungemwezesha mkazi wa Mtongwe au Chaani kuuliza kilichofanyika.

Mpango wa sasa wa kaunti unakwisha 2027, na unaofuata ndio utakaofika 2030. Maji salama na vyoo vya Kisauni, Likoni na Changamwe vinastahili kuwa ukurasa wake wa kwanza, na wenyeji wavidai tangu mabaraza ya kuuandaa yatakapoanza.