Meza za Mpakani

Punda wa Tijuana walipakwa milia kwa ajili ya wapiga picha. Katika miongo ya 1930 na 1940, mtalii Mmarekani aliyevuka mpaka alipenda kupanda kigari cha punda, kuvaa kofia pana na kupigwa picha ya kupeleka nyumbani. Punda wengi walikuwa weupe, na kamera za siku hizo za picha nyeusi na nyeupe ziliwafanya wafifie kabisa. Wenye vigari wakachukua rangi nyeusi na brashi. Basi mji ambao pundamilia hawajawahi kukanyaga porini mwake ukawa na pundamilia kila pembe ya barabara yake kuu.

Jikoni nako mambo yalikwenda vivyo hivyo. Wapishi na wahudumu wa miji ya mpakani kama huu, kaskazini mwa Meksiko, walimtazama mgeni aliyeketi mbele yao, wakaangalia kilichomo stoo, wakaandaa kitu. Wapenzi wa vyakula vya asili hupenda kukibeza chakula hicho, wakisema ni cha kuwafurahisha watalii tu, na Meksiko halisi iko mbali, kwenye vijiji vya Oaxaca au masoko ya Puebla. Lakini watu wa mpakani nao ni Wameksiko, na historia yao imeandikwa kwenye sahani hizo.

Kilichoukuza mji wa Tijuana ni sheria ya nchi jirani. Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe. Tijuana wakati huo ilikuwa na wakazi elfu moja hivi, na San Diego ilikuwa umbali wa kilomita zisizofika 30. Ghafla kila mwenye kiu na gari upande wa California alijua njia ya kwenda kusini. Baa zilichipuka mfululizo, mojawapo ikiwa La Ballena, iliyojigamba kuwa kaunta yake ni ndefu kuliko zote duniani. Uwanja wa mbio za farasi ulijaa. Mwaka 1928 ikafunguliwa Agua Caliente, kasino yenye hoteli na mabwawa ya kuogelea, ambako nyota wa Hollywood walikwenda kutupa fedha zao. Miongoni mwa waliocheza dansi jukwaani Tijuana miaka hiyo alikuwa binti mdogo aitwaye Margarita Cansino, akicheza na baba yake. Dunia ilikuja kumjua baadaye kwa jina la Rita Hayworth.

Mnywaji lazima ale, na hapo ndipo alipoingia Caesar Cardini. Huyu alikuwa Mwitaliano, mzaliwa wa Baveno kando ya Ziwa Maggiore mwaka 1896. Makazi yake yalikuwa San Diego, lakini mgahawa wake aliuweka Tijuana, ambako divai ilimiminwa bila kuogopa polisi. Binti yake Rosa alisimulia kwamba tarehe 4 Julai 1924, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wageni walifurika hadi chakula kikaanza kuisha. Cardini akakusanya kilichobaki: letusi, mkate uliokaushwa kwa mafuta, jibini ya parmesani, mayai yaliyochemshwa kwa dakika moja tu, mafuta ya zeituni na sosi ya Worcestershire. Akavipeleka vyote ukumbini na kuvichanganya palepale mezani, mbele ya wageni, ikawa saladi ya Caesar.

Kuchanganya mbele ya wageni ndiyo hasa biashara yenyewe. Letusi haikukatwakatwa, majani yalipangwa mazima, mgeni akayashika kwa vidole na kula. Samaki wadogo wa anchovi ambao wengi leo huwaona kuwa ndio roho ya saladi hii hawakuwemo, na ile ladha ya samaki kwa mbali ilitoka kwenye sosi. Mpishi mashuhuri Julia Child aliandika katika miaka ya 1970 kwamba wazazi wake walimpeleka hapo akiwa mtoto, mwaka 1925 au 1926, na kwamba alikumbuka Cardini mwenyewe akisukuma kigari hadi mezani na kuvunja mayai mawili juu ya majani. Mtoto aliyeona tamasha la namna hiyo hasahau, na mzazi wake haulizi bei.

Je, ni Cardini kweli aliyeibuni? Ndugu yake Alex, aliyekuwa rubani, alidai ni yake, tena aliitengeneza kwa ajili ya marubani. Livio Santini, aliyefanya kazi katika jiko hilo, alisema mapishi yalikuwa ya mama yake huko Italia. Ugomvi huu hautaisha, na pengine hauna haja ya kuisha. Jiko la mgahawa huwa na mikono mingi, lakini jina linaloandikwa mlangoni ni moja. Pombe iliporuhusiwa tena Marekani mwishoni mwa 1933, wateja walipungua. Mwaka 1935 Rais Lázaro Cárdenas akapiga marufuku kamari, na Agua Caliente ikafungwa. Cardini alihamia Los Angeles, akawa anauza sosi ya saladi yake katika chupa, akaisajili kama alama ya biashara mwaka 1948. Alifariki mwaka 1956.

Mtu wa pili aliyebuni chakula mpakani hakupata bahati hiyo. Zaidi ya kilomita elfu moja upande wa mashariki, ambako mpaka hufuata mto uitwao Bravo upande mmoja na Grande upande wa pili, kuna mji wa Piedras Negras unaotazamana na Eagle Pass ya Texas. Hapo katika mgahawa wa Victory Club alifanya kazi Ignacio Anaya, mzaliwa wa jimbo la Chihuahua mwaka 1895. Hakuwa mpishi. Kazi yake ilikuwa kusimamia ukumbi, kupokea wageni na kuwaonyesha meza. Kama akina Ignacio wengi wa Meksiko, watu walimwita Nacho.

Wengi hutaja mwaka 1943, ingawa wapo watafiti wanaosema 1940. Kundi la wanawake kutoka Eagle Pass, akiwemo Mamie Finan, walivuka daraja wakaingia Victory Club wakitaka kitu cha kutafuna pamoja na vinywaji vyao. Mpishi hakuonekana. Anaya hakutaka kuwarudisha wageni na njaa, akaingia jikoni mwenyewe. Akachukua tortila za mahindi, zile chapati nyembamba ambazo kwao hazikosekani, akazikata vipande, akazikaanga, akapanga juu yake jibini, akaziingiza kwenye oveni kidogo hadi jibini ikayeyuka, kisha akaweka vipande vya pilipili ya halapenyo. Walipomuuliza jina la chakula hicho, alikipa jina lake mwenyewe: nachos especiales, za Nacho, maalumu.

Mwaka 1954 mapishi hayo yalichapwa katika kitabu cha mapishi cha kanisa moja la Eagle Pass, na jina la Anaya likatajwa. Baadaye alifungua mgahawa wake mwenyewe huko Piedras Negras. Mwanawe alimwendea mwanasheria kuuliza kama jina la nachos lingeweza kulindwa, akajibiwa kuwa wamechelewa, neno limekwisha kuwa la watu wote. Mwaka 1976 mfanyabiashara Frank Liberto wa San Antonio alianza kuuza nachos katika uwanja wa besiboli huko Arlington, Texas, akitumia sosi ya jibini iliyobaki majimaji na kumiminwa haraka. Fedha nyingi zilianzia hapo. Anaya alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Piedras Negras ilimwekea bamba la ukumbusho, na tangu miaka ya 1990 kila Oktoba mji huo hufanya tamasha la nachos.

Tukirudi upande wa Tijuana, kwenye pwani ya Pasifiki, kusini mwa mji wa Rosarito kuna kijiji cha Puerto Nuevo, ambako mgahawa ulianzia sebuleni. Katika miaka ya 1950 hakikuwa zaidi ya kikundi cha nyumba za wavuvi. Wamarekani waliokuwa wakipita kuelekea Ensenada walibisha hodi kuuliza kama kuna chochote cha kula, na wake wa wavuvi wakawakaribisha kwenye meza za familia. Kilichokuwepo ni kamba-koche. Kamba huyu wa California na Baja California hana magando makubwa kama yule wa Maine au wa Ulaya; ni wa jenasi moja na kamba-koche wanaovuliwa Lamu, Mafia au Zanzibar, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akimwona sahanini atamtambua mara moja.

Mapishi atayashangaa zaidi. Kamba hupasuliwa katikati, akatumbukizwa katika mafuta ya nguruwe yaliyochemka, akaletwa pamoja na wali, maharage, siagi iliyoyeyushwa, ndimu na tortila kubwa za ngano. Mgeni huchana tortila, akafunga ndani yake nyama na maharage, akala kwa mkono. Hakuna uma mdogo wa fedha wala kitambaa cheupe. Sebule zikaongezwa baraza, baraza zikawa kumbi, na katika kilele chake kijiji hicho kidogo kilikuwa na migahawa zaidi ya 30, yote ikiuza karibu sahani ileile. Kusini zaidi katika rasi ya Baja California, vyama vya ushirika vya wavuvi wa kamba hao vilipata mwaka 2004 cheti cha kimataifa cha MSC cha uvuvi endelevu, lakini sehemu kubwa ya wanachovua husafirishwa Asia wakiwa hai.

Miji inayomtegemea mgeni hutikisika mgeni asipokuja. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, foleni za kurudi Marekani zilirefuka mno. Kisha ikaja vita ya magenge ya dawa za kulevya, iliyoifanya Tijuana kuwa habari ya kutisha kwenye magazeti ya California mwaka 2008. Juni 2009 Marekani ikaanza kuwadai raia wake pasipoti au kitambulisho kama hicho hata kwa mpaka wa nchi kavu, na safari ya kwenda kula kamba mchana na kurudi jioni ikawa jambo la kupangwa. Maduka ya barabara kuu yalifunga milango. Mgahawa wa Caesar's, ule wa Cardini, nao ulifunga.

Ni familia moja ya Tijuana, akina Plascencia, waliokuwa wakiendesha migahawa mjini humo tangu 1969, walioufungua tena mwaka 2010. Mbao zilisuguliwa, picha za zamani zikatundikwa, na kigari cha saladi kikarudishwa ukumbini. Mwaka uliofuata Javier Plascencia alifungua Misión 19, mgahawa wa vyakula vya shamba na bahari ya Baja California, na safari hii waliojaza meza mwanzoni walikuwa watu wa Tijuana wenyewe, madaktari, mawakili na wafanyabiashara waliochoka kujifungia majumbani usiku. Wamarekani walirejea baadaye, wakiwa na orodha za mahali pa kula mikononi.